Magazeti ya marehemu baba mdogo yaliyogawiwa watoto kujalidi madaftari

Wakuu, salamu kwenu nyote, mlioko mjini na sisi wa huku mgombani.

Nimekuwa msomaji wa kimya humu kwa muda mrefu. Nacheka kwenye nyuzi za wenzangu, kisha naondoka bila kuacha hata like. Leo naweka wa kwangu.

Ni mambo yaliyonikuta mimi mwenyewe na sijaongeza chumvi. Majina ya watu nimeyabadilisha, na shule sitaitaja, kwa sababu mtakazoziona mbele ya safari.

Angalizo kabla hatujaanza. Uzi huu unahusu magazeti ya mashoga. Sijaja kutetea wala kulaani, hiyo mijadala ina nyuzi zake humu na haijawahi kuisha. Nasimulia kilichotokea. Anayetaka kutukana namwomba walau asome hadi chini, ndipo atukane akiwa na taarifa kamili.

Iko hivi.

Mimi ni mtu wa Karagwe, nina stationery pale Kayanga. Kopi, kuchapa barua, lamination, passport size, kava za madaftari, mambo hayo. Kwetu kabisa ni Kihanga.

Baba mdogo wangu, hapa nimwite Enoka, alifariki mwishoni mwa mwaka jana, msimu wa senene. Ujanani kanisa lilimpeleka Sweden kujifunza uchapaji. Akakaa huko miaka mingi akifanya kazi kwenye kiwanda kidogo cha kuchapa, kisha akarudi. Akachapa vitabu vya nyimbo na kadi za harusi Bukoba, na alipostaafu akajenga Kihanga kwenye kibanja cha babu.

Hakuoa. Ukimuuliza alikuwa anajibu kwamba mashine za kuchapa zina wivu. Watu wanacheka, yanaishia hapo.

Aliacha nyumba, migomba, kahawa, na masanduku matatu ya bati.

Ukoo ukanichagua mimi kuwa msika, yaani mrithi wake. Kwa wasio wa huku niwaeleze kidogo. Msika hachukui mali tu. Anasimama mahali pa marehemu. Watu waliokuwa wake wanakuwa wako, na maneno aliyoyaacha njiani unayamalizia wewe. Kuna siku unaketishwa rasmi mbele ya ukoo, na kabla ya siku hiyo kitu cha marehemu hakitakiwi kutoka mle ndani, hata jembe.

Siku yangu ilikuwa imepangwa baada ya Pasaka.

Kosa likafanyika Januari.

Shangazi Yunia, dada yake marehemu, ndiye aliyebaki akitunza nyumba. Shule zinafunguliwa, wajukuu wamejaa uani na madaftari mapya, na walimu wa huku hawapokei daftari ambalo halijajalidiwa. Magazeti ya zamani siku hizi hayapatikani, kila mtu anasoma habari kwenye simu. Shangazi akakumbuka masanduku. Akafungua moja, akakuta magazeti kibao, karatasi nene na imara.

Sasa kwa akili ya kwetu, nguo ya marehemu ni mali. Panga ni mali. Hata dumu tupu la mafuta ni mali, linaweza kuleta ugomvi kwenye kikao. Lakini karatasi ni karatasi. Shangazi akagawa.

Na hakufanya kwa kificho. Aliwapa wajukuu, akawapa majirani, na bunda moja akambebesha binti yake Adelina, binamu yangu, aliyeolewa Isingiro kule wilaya ya Kyerwa.

Mimi sikujua lolote. Nilikuja kujua kwa sababu ya mzee Sospeter.

Mzee Sospeter anaishi Kaisho, Kyerwa. Ni mwalimu mstaafu na mzee wa kanisa. Mke wake alifariki zamani kidogo, anaishi na mwanawe, mkwe na wajukuu. Alikuwa rafiki wa baba mdogo tangu wakiwa vijana, na shamba la kahawa la Kaisho walilipanda wote wawili. Siku za msiba alikuwa anakaa kwenye viti vya majirani chini ya turubai, haongei sana, mpaka tulipotawanyika.

Siku moja akafika dukani kwangu Kayanga. Nikamwamkia, nikampa kiti, nikadhani anataka kopi ya kitambulisho.

Akasubiri wateja waishe. Ndipo akauliza masanduku ya Enoka yako wapi. Nikamwambia yako Kihanga, hayajaguswa. Akasema anaomba karatasi tu, vitu vingine vyote ni vya ukoo.

Nikauliza karatasi gani.

Akanitazama kwa muda, nadhani alikuwa ananipima. Kisha akasema polepole, kwa Kiswahili chake cha darasani: "Enoka na mimi hatukuwa marafiki tu. Wewe ni mtu mzima, mwanangu. Nafikiri umenielewa."

Nilimwelewa. Sikujua macho niyaweke wapi, nikaanza kupanga rimu za karatasi ambazo zilikuwa zimepangika tayari.

Akaendelea. Baba mdogo alipokuwa hoi hospitali alimwambia jambo ambalo hakuwahi kumwambia maisha yao yote. Kile kiwanda cha Sweden kilikuwa kinachapa mambo mengi, ratiba za ibada, menyu za hoteli, kalenda, na gazeti moja la wanaume wa aina yao. Katika toleo mojawapo kuna ukurasa wenye picha ya Sospeter, na jina lake kamili chini. Enoka ndiye aliyeitoa, bila kumwomba ruhusa. Alimwambia, "Ukiukuta huo ukurasa utanisamehe." Sospeter akamwomba amwambie uko sanduku gani, Enoka akafumba macho, na siku ya pili akafariki.

Mzee alikuwa anaogopa, wakuu. Si uoga wa kujificha, aliusema waziwazi. Amefundisha Kaisho na Isingiro karibu maisha yake yote, hakuna nyumba asimojulikana. "Mwanangu akijua," akaniambia, "sina pa kulala."

Nikafunga duka, nikawasha pikipiki hadi Kihanga.

Masanduku mawili yalikuwa yamejaa vilevile. La tatu lilikuwa limebaki nusu. Shangazi akanieleza kwa furaha kabisa alivyowasaidia watoto. "Karatasi za Kizungu zile," akasema, "hazichaniki ovyo."

Nilikasirika sana. Lakini utamgombeza vipi shangazi ambaye hajui hata kilichoandikwa? Na ukimgombeza, si atauliza kulikuwa na nini? Nikameza hasira, nikaingia ndani, nikafunga mlango na kuanza kupekua yaliyobaki.

Hapa niwape historia kidogo, maana nilishinda humo siku nzima, na mengine mzee Sospeter alinifafanulia baadaye. Asiyependa historia aruke.

Baba mdogo alikuwa mchapaji, kwa hiyo hakupanga magazeti kwa miaka. Aliyapanga kwa saizi na aina ya karatasi. Lakini ajabu ni kwamba ukifuata saizi, miaka nayo inajipanga yenyewe.

Ya kwanza kabisa ni madogo, yanaingia mfuko wa shati. Vijana vifua wazi, misuli imepakwa mafuta, na maandishi yanayodai kwamba hili ni gazeti la mazoezi ya viungo. Hakuna neno hata moja la mapenzi. Nilikuja kuelezwa kwamba zamani hata huko Ulaya na Marekani mambo haya yalikuwa na sheria kali, kwa hiyo gazeti lilijifanya la afya na mnunuzi akajifanya mwanamichezo. Udogo nao ulikuwa na sababu, mtu aweze kulificha mwenye nyumba akibisha hodi.

Ya pili hayana picha kabisa. Ni karatasi zilizochapwa kwa taipureta na kuzungushwa kwenye stensili, kama mitihani tuliyofanya shule ya msingi, zikabanwa kwa pini mbili. Waandishi wana majina ya bandia. Yalikuwa yanasafiri kwa posta kwenye bahasha ya kaki isiyo na jina la mtumaji. Ukiyaona unaweza kudhani ni muhtasari wa kikao cha chama cha ushirika. Nilisoma kidogo yaliyokuwa ya Kiingereza, mtu analalamikia polisi, mwingine anaeleza jinsi ya kupika supu ya samaki, mwingine amefiwa na mama yake. Nilitegemea mabaya zaidi, niseme ukweli.

Ya tatu yamevimba. Sheria za huko zililegea, na gazeti likawa kubwa kama magazeti ya habari, la kukunja, lenye wino unaochafua vidole. Maandamano, mabango, anwani za baa, na matangazo madogo ya mtu anayetafuta mwenza mrefu asiyevuta sigara. Mashine yangu ya kopi isingeweza kumeza ukurasa wake mmoja.

Ya nne ndiyo yanayong'aa. Rangi, manukato, jeans, hoteli za ufukweni. Hapo ukiangalia unajua kwamba wenye makampuni waligundua kuwa hawa nao ni wateja, na pesa ya mteja haina aibu.

Lakini katikati ya hayo ya kung'aa kuna kipindi ambacho kurasa za nyuma zimejaa picha ndogondogo za watu. Jina na umri tu. Wote vijana. Unafungua toleo linalofuata, wapo wengine. Watu wa Kagera siwaelezi hizo ni picha za nini. Sisi UKIMWI ulipoingia tuliuita Juliana, na kuna nyumba Kihanga ambazo zilibaki na bibi na wajukuu tu. Niliumia. Nilikaa na lile gazeti mpaka nikasahau nilichokuwa natafuta.

Ya mwisho kabisa hayakuwa hata magazeti. Zilikuwa A4 zilizotolewa kwenye printa, PDF za vijana wa nchi nyingine za Afrika, zimekunjwa katikati na kubanwa pini mbili. Yaani tumezunguka kote huko tukarudi kwenye pini mbili. Nasikia siku hizi hata hizo zimepitwa, kila kitu kiko kwenye simu, na mtu akifuta basi hakuna atakayekikuta sandukuni.

Turudi kwenye kisa.

Gazeti la kile kiwanda cha Sweden lilikuwa la saizi ya kati, nyeusi na nyeupe, karatasi nene isiyong'aa. Kwa bahati mbaya ndiyo karatasi nzuri kuliko zote ya kujalidia daftari, kwa hiyo ndiyo aliyoigawa shangazi. Ndani ya masanduku ukurasa wa mzee Sospeter haukuwepo.

Maana yake ulikuwa mikononi mwa watoto.

Nikabuni mbinu. Nikarudi Kayanga, nikabeba boksi la kava za nailoni dukani kwangu. Nikatangaza pale Kihanga kwamba mimi mfanyabiashara nawakumbuka wa nyumbani, mtoto alete daftari lililojalidiwa na gazeti, nimpe kava mpya. Jamani, walikuja. Walikuja mpaka wa vijiji vya jirani, na madaftari yaliyojalidiwa kwa mifuko ya simenti. Sikuweza kuwakataa, ningeeleza nini? Mwenyekiti wa kitongoji akaanza kuniuliza kama nataka udiwani.

Kava za Kiswidi nikapata nyingi. Ukurasa sikuupata.

Likabaki bunda la Isingiro. Nikampigia binamu yangu Adelina, nikamuuliza kama bado ana zile karatasi za baba mdogo.

Akaniambia zingine zipo. "Ila ile yenye picha ya mwalimu Sospeter iko shuleni," akasema. "Mwalimu mkuu aliiona kwenye daftari la binti yangu, akaichukua. Amefurahi kweli, ameiweka ukutani."

Nikaenda kujaza mafuta kwenye pikipiki.

Kesho yake asubuhi nikapiga njia ya Omurushaka, Nkwenda, hadi Isingiro. Vumbi lote la barabara ile nililila mimi.

Ofisi ya walimu nilimkuta mwalimu mkuu, nimwite Novatus, Mhaya wa Muleba, mtu mchangamfu, na mwalimu mmoja wa kike kijana, Madam Jovitha, anayefundisha Kiingereza. Alikuwa anasahihisha, akaniitikia salamu na kuendelea.

Na ukurasa niliuona kabla sijaketi. Upo kwenye ubao wa matangazo, katikati ya ratiba na orodha ya zamu. Kijana mwembamba wa shati jeupe amesimama mbele ya migomba, mkono uko juu ya tandiko la baiskeli, anacheka na mtu ambaye haonekani. Chini yake jina kamili, herufi nene. Kisha maandishi ya Kiswidi mistari michache. Upande mwingine, nashukuru Mungu, kulikuwa na tangazo la duka la viatu.

Mwalimu mkuu akafuata macho yangu. Akaniambia kwa fahari kwamba huyo ndiye aliyewahi kuwa mkuu wa shule hii, ndiye aliyesimamia ujenzi wa yale madarasa ya juu, na kumbe Wazungu walimwandika gazetini na yeye hakuwahi kujisifu. Akasema Alhamisi kuna wageni wanatoka Sweden, wa kanisa rafiki, wanakuja kukabidhi tenki la maji. Wazazi watakuwepo, mchungaji atakuwepo, na mzee Sospeter atakaribishwa mbele. Mgeni mmojawapo ataombwa ausome ukurasa huo na mkalimani atafsiri kwenye kipaza sauti.

Wakuu, mimi si mtu wa jasho. Siku hiyo shati lililowa.

Ningesema nini? Nikisema picha ina ubaya, nimemmaliza mzee. Nikisema nainunua, atauliza ya nini. Hapo ndipo nikakumbuka kwamba mimi ni nani katika hili jambo.

Nikamwambia, "Mwalimu, hiyo karatasi ni mali ya marehemu baba yangu mdogo. Na mimi msika sijaketishwa."

Uso wake ukabadilika. Mhaya haelezwi mara mbili jambo hilo. Nikamweleza kwamba shangazi alikosea, alitoa vitu nyumbani kabla ya siku, na nazunguka kuvikusanya kimoja kimoja, hata vipande vya karatasi, ili nisije kuketi mahali pa marehemu mali yake ikiwa imetapakaa. Hapo sikudanganya hata neno moja, ndiyo raha ya jambo lile.

"Eh, waitu," akasema. "Hilo lina uzito."

Akainuka mwenyewe, akachomoa pini, akanipa ukurasa kwa mikono miwili. Nikaanza kushukuru. Ndipo akakumbuka kitu, akageuka.

"Basi walau tupige kopi."

Mashine ilikuwa pale pembeni ya meza ya Madam Jovitha, taa ya kijani inawaka. Mimi nafanya kazi na mashine hizo kila siku, najua taa hiyo maana yake nini.

Madam Jovitha akasema bila kuinua kichwa, "Imeisha wino tangu juzi, Mwalimu."

Mwalimu mkuu akasikitika, akasema hakuna namna. Nikaaga haraka.

Madam akanisindikiza hadi kwenye pikipiki kama adabu ya mgeni. Tulipofika mbali kidogo na madirisha akaniambia kwamba siku ukurasa ulipobandikwa aliuelekezea simu yake, ile app ya kutafsiri, akitaka kumwandalia mwalimu mkuu maneno ya sherehe. Alipoona kilichotoka akaifunga simu. Tangu hapo alikuwa anatafuta sababu ya kuuondoa na alikuwa hajaipata.

Nikamuuliza kwa nini hakusema. Swali la kijinga, lakini lilinitoka.

"Mzee Sospeter alimfundisha mama yangu kusoma," akasema. "Nenda, kabla mkuu hajatuma mtu dukani kununua wino."

Kutoka Isingiro hadi Kaisho si mbali. Nilimkuta mzee Sospeter anatandaza nyasi kwenye migomba. Mkwewe akaniletea kahawa ya kutafuna kwenye kisahani, tukazungumza habari za mvua mbele yake kama wageni wa kawaida. Kisha mzee akasema twende nikaone miche yake, tukaenda hadi mwisho wa shamba, ambako kahawa zao za zamani zimeshonana.

Nikampa ukurasa.

Akauweka mbali na macho, akausogeza karibu. Akasema hiyo baiskeli haikuwa yake, ilikuwa ya mchungaji, na Enoka ndiye aliyepiga picha siku mbili kabla ya kusafiri. Sauti ilikuwa ya kawaida kabisa. Nikadhani ataomba kiberiti. Mimi nilikuwa nacho mfukoni, nilikinunua njiani kwa kazi hiyo.

Badala yake akauliza, "Pameandikwaje?"

Sikuwa nimeangalia, na yeye Kiswidi hajui. Nikatoa simu, nikaelekeza kamera kwenye mistari ile. Mtandao wa Kaisho mnaujua, tukasubiri. Kisha yakatokea maneno kwa Kiswahili kile cha simu, kilichonyooka kama fimbo. Nikamsomea kama yalivyo.

Ukurasa huu ulikuwa wa tangazo ambalo halikufika. Mchapaji wetu Enoka ametupa picha ijaze nafasi. Huyu ni Sospeter, nyumbani. Enoka anasema, huyu ni mtu wangu. Ananingoja. Nimewaambia hapa kiwandani kwamba mimi sibaki. Nitarudi, na sisi tutapanda kahawa.

Mzee akakaa chini, pale pale kwenye nyasi.

Nikakaa na mimi. Akaniuliza toleo ni la mwaka gani. Nikamwonyesha pembeni, mwaka upo. Akahesabu kwa vidole, akaacha.

"Mimi nilioa mwaka uliofuata," akasema. "Barua zilikuwa zinachelewa. Watu wakasema aliyekwenda Ulaya harudi. Baba akanitafutia mke, nikakubali." Akaupapasa ukurasa kwa kiganja, kama mtu anayenyoosha nguo. "Alipofika akanikuta na mtoto mgongoni mwa mama yake. Nikamuuliza, mbona umerudi? Akasema mkataba umeisha, Wazungu wamemchoka. Tukacheka. Nimeamini hivyo mpaka leo."

Sasa nikaelewa kwa nini baba mdogo aliuficha. Nilikuwa nimefikiri aliogopa aibu, watu, kanisa. Hakuogopa hao. Hakutaka rafiki yake ajue kwamba mahali fulani palichapwa kwamba anangoja, wakati hakungoja.

Mzee akaniomba nisome tena. Nikasoma. Akaomba mara nyingine, nikasoma. Machozi yalikuwa yanamtoka bila sauti na hakuyafuta. Mimi si mtu wa mambo haya, lakini niliona uchungu kweli, na niliona pia kwamba yule baba mdogo tuliyekuwa tunamcheka na mashine zake alikuwa ametunza neno moja maisha yake yote.

Mwishowe nikauliza kama nichome.

Akakunja ukurasa mara mbili, akanirudishia.

"Kwangu wajukuu wanapekua kila mahali. Kaa nao wewe," akasema. "Siku yangu ikifika utakuja kwenye msiba kama jirani, kama nilivyokuja mimi. Uombe kuuaga mwili. Uniwekee mfuko wa ndani wa koti."

Nikamjibu ndiyo, baba. Nilimwita baba, na sikuona kama nimekosea.

Alhamisi ile tenki likakabidhiwa. Nasikia mzee Sospeter alikaribishwa mbele, akatoa neno la shukrani fupi, watoto wakaimba, wageni wakapiga picha nyingi kwa simu zao.

Nilichojifunza ni vitu viwili, na nitavisema bila maremborembo.

Cha kwanza, karatasi za marehemu nazo ni mali. Msizigawe, msizifungie maandazi, msijalidie madaftari kabla mtu mmoja mtulivu hajakaa akazisoma. Shangazi nilimweleza hivyo tu, akaelewa kwa upande wa mila, na hakuuliza zaidi.

Cha pili bado kinanisumbua, ndiyo maana nimekileta kwenu. Baba mdogo alinyamaza ili mwenzake asijilaumu. Mwenzake akaishi akiamini kwamba alirudiwa kwa sababu mkataba uliisha. Wakapalilia shamba moja mpaka uzee, kila mmoja akiwa na nusu ya habari.

Angemwonyesha ule ukurasa mapema, au alifanya vyema kuuficha? Nimejiuliza tangu Januari na jibu sina. Semeni nyie, wenye matusi mpite pembeni wenye busara watangulie.